Tundu la Lenzi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kupiga Picha kwa Kamera ya Dijitali

Picha iliyonifundisha maana ya tundu la lenzi ilikuwa ya watu kumi na watano waliojipanga safu tatu. Nilikuwa nimenunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, namba inayosema tundu lake linaweza kufunguka sana. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hiyo ndiyo lenzi inayotia ukungu nyuma, basi nikaifungua yote na sikuigusa tena siku nzima. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila sura ilionekana safi. Nilipoifungua picha kwenye kompyuta, safu ya mbele ilikuwa kali hadi kope zinahesabika, ya pili imelegea kidogo, na ya tatu, walikosimama warefu wote wa ukoo, imezama kwenye ukungu. Watu walikuwa wameshatawanyika, wengine wamesafiri. Hakukuwa na kurudia.

Kosa langu lilikuwa kudhani tundu ni bomba la mwanga tu: ukitaka mwanga fungua, ukiwa mwingi funga. Vitabu vingi vya wanaoanza huanza hivyo hivyo, na si uongo. Lakini mwanga unaweza kuurekebisha pia kwa shata (pazia linaloamua mwanga uingie kwa muda gani) au kwa ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kuamua kitu gani kiwe kikali na kipi kiyeyuke, ukishasimama mahali pako, lenzi yako mkononi na fokasi (mahali lenzi inapolenga ukali) umeshaiweka, kamera haina kitufe kingine ila hiki. Kwa hiyo humu nitalitazama tundu hasa kama chombo cha kuchagua ukali, na mwanga utafuata nyuma.

Hatua ya kwanza: lione kwa macho yako

Kabla ya namba yoyote, litazame tundu lenyewe. Ndani ya lenzi kuna vipande vyembamba, kwa kawaida kati ya vitano na tisa, vilivyopangwa kwa duara na kupandiana kama magamba. Vikijikunja kuelekea katikati, tundu linakuwa dogo. Vikirudi pembeni, linapanuka. Mboni ya jicho lako hufanya kazi hiyo hiyo: kwenye jua kali hujibana hadi upana wa milimita 2 hivi, gizani hupanuka.

Tatizo ni kwamba kamera nyingi huliacha tundu wazi kabisa wakati unatazama, ili uone vizuri, kisha hulibana kwa sekunde ile tu ya kupiga. Kwa hiyo fanya hivi. Weka kamera kwenye hali ya M, ambayo unapanga kila kitu mwenyewe, chagua f/16, na kasi ya shata ya sekunde 2. Igeuze lenzi ikutazame wewe, mahali pasipo na jua, halafu bonyeza. Kwa sekunde hizo mbili utaona vile vipande vikijikunja na kubaki kitobo kidogo katikati. Sasa weka f/4, bonyeza tena. Utaona tofauti bila kuhitaji maelezo. Picha yenyewe ifute, kazi yake imekwisha.

Wapiga picha wengi huliita tundu hilo apacha. Mimi nitaendelea kusema tundu, kwa sababu ndicho kitu ulichokiona.

Hatua ya pili: isome namba kama sehemu

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwa nini f/2 ni tundu kubwa na f/16 ni dogo? Kwa sababu ule mstari ulioinama ni alama ya kugawanya. Herufi f inasimama badala ya urefu wa fokasi wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2, chukua 50 gawanya kwa 2: upana wa tundu ni milimita 25. Ikiwekwa f/4, ni milimita 12.5. Ikiwekwa f/16, ni kama milimita 3. Nusu ya chungwa ni kubwa kuliko robo yake, ingawa 4 ni kubwa kuliko 2. Ukilishika hilo, umeshamaliza nusu ya somo.

Msururu wa namba zenyewe ni huu: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila hatua moja kwenda kulia hupunguza mwanga kwa nusu. Kila hatua kwenda kushoto huuongeza mara mbili. Wapiga picha huiita hatua hiyo stopu. Namba zinaonekana za ajabu kwa sababu mwanga hupita kwenye eneo la duara, na ili eneo lipungue nusu, upana wake hugawanywa kwa 1.4 hivi, wala si kwa 2. Huna haja ya kukariri yote. Shika 1 na 1.4, kisha zidisha mara mbili kwa kupokezana: 1, 2, 4, 8, 16 upande mmoja, 1.4, 2.8, 5.6, 11, 22 upande mwingine. Zichanganye, umepata msururu wote.

Kamera yako itakuonyesha pia namba za katikati kama 1.8, 3.5, 6.3 au 7.1. Hizo ni theluthi za stopu, tatu kwa kila hatua moja kamili. Ukizungusha gurudumu mara tatu umesogea stopu moja. Basi.

Juu ya lenzi yenyewe kuna namba moja ya f au mbili. Hiyo ni kusema tundu kubwa kabisa ambalo lenzi hiyo inaweza kulifungua. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera mara nyingi huandikwa 18-55mm na f/3.5-5.6: ukiwa milimita 18 unaweza kufungua hadi f/3.5, ukivuta hadi 55 mwisho wako ni f/5.6. Ndiyo maana ukivuta karibu, namba hubadilika yenyewe hata hujaigusa. Kamera haijaharibika.

Hatua ya tatu: iache hali ya otomatiki, lakini usikimbilie M

Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba mpiga picha wa kweli hutumia M tu. Mimi sikubaliani nao, na kwa anayeanza unamchelewesha. Kwenye M unashika vitu vitatu kwa pamoja, na picha ikiharibika hujui ni kipi kilichoiharibu.

Zungusha gurudumu la juu hadi A. Kwenye kamera za Canon hali hiyo imeandikwa Av. Kwenye kamera nyingi za Fujifilm hakuna herufi hiyo: unazungusha pete iliyoko kwenye lenzi yenyewe na kuiacha shata kwenye A. Katika hali hii wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi ya shata inayofaa kwa mwanga uliopo. ISO iweke otomatiki kwa sasa, au 400 ukiwa nje. Ukiona picha inatoka nyeupe mno au nyeusi mno, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, sogeza kidogo, piga tena.

Wapiga picha wengi wanaolipwa kwa kazi yao hufanya kazi kwenye hali hii hii. Hakuna aibu yoyote.

Hatua ya nne: zoezi la vitu vitatu mezani

Chukua vitu vitatu vyenye maandishi, chupa au makopo. Vipange mezani kwa mshazari, kimoja kikiwa karibu nawe, cha pili nyuma yake kwa kiganja kimoja, cha tatu nyuma zaidi kwa kiganja kingine. Kaa kwenye usawa wa meza, karibu kiasi ambacho lenzi inakuruhusu. Chagua kiduara kimoja cha fokasi, kiweke juu ya maandishi ya kitu cha katikati. Usiiache kamera ijichagulie, kwa sababu mara nyingi itashika kilicho karibu zaidi.

Piga kwa tundu kubwa kuliko yote uliyo nayo. Kisha f/5.6, kisha f/8, kisha f/16. Kamera isisogee, kama huna stendi ya miguu mitatu, iegemeze juu ya rundo la vitabu na utumie kipima muda cha sekunde 2. Hili la kuegemeza ni la lazima, kwa sababu kwenye f/16 ndani ya nyumba shata inaweza kuchukua nusu sekunde au zaidi, na mkono wa mtu hautulii muda wote huo.

Fungua picha hizo kwenye kompyuta, zikuze, usome maandishi. Katika ya kwanza utasoma kitu cha katikati tu. Kadiri namba inavyopanda, maandishi ya jirani zake yanajitokeza. Kile kipande cha umbali, mbele na nyuma ya pale ulipofokasi, ambacho kinaonekana kikali, ndicho kina cha fokasi. Kukiongeza na kukipunguza ndiyo kazi kubwa ya tundu.

Sasa zoezi la pili ambalo watu huliruka: rudi kwenye tundu kubwa kabisa, lakini sogea nyuma mara mbili ya umbali wa kwanza. Utashangaa kuona kina kimeongezeka ingawa hukugusa namba. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), ukiwa f/1.8 na mtu yuko mita 1.5, kina chote ni kama sentimita 10. Fokasi ikiwa kwenye jicho, sikio lina ukungu. Rudi nyuma hadi mita 3, kina kinafika karibu sentimita 39, mara nne ya mwanzo. Umbali una nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Sasa naweza kueleza ile picha ya ukoo. Nilisimama mita 4 kutoka safu ya mbele. Kwa f/1.8, nyuma ya safu hiyo nilikuwa na kama sentimita 38 tu za ukali. Safu ya pili ilikuwa ukingoni, ya tatu ilikuwa nje kabisa. Ningeweka f/8, ukali ungeanzia kama mita 2.9 na kuishia karibu mita 6.5, na warefu wote wangeonekana. Gharama yake ingekuwa stopu nne na kidogo za mwanga, ambazo ningezilipa kwa kupandisha ISO. Picha yenye chembechembe kidogo zinazoletwa na ISO bado ni picha ya watu wote.

Hatua ya tano: angalia shata kila unapobana

Kila stopu unayobana, ISO ikiwa haibadiliki, kamera kwenye hali ya A hurefusha muda wa shata mara mbili. Chini ya kivuli ukipata 1/200 kwa f/2.8, ukienda f/5.6 utapata 1/50, na ukienda f/8 utapata 1/25. Kamera haikuonyi vya kutosha. Inaandika namba tu kimyakimya pale chini, na wewe unarudi nyumbani na picha zilizotikisika ukidhani lenzi ni mbovu.

Kanuni ya zamani inasema shata isiwe polepole kuliko moja gawanya kwa urefu wa fokasi: lenzi ya milimita 50, angalau 1/50, ya 200, angalau 1/200. Hiyo ni kwa mkono wako tu. Mtu anayetembea anahitaji 1/250 hivi, mtoto anayekimbia 1/500 au zaidi. Ukiona shata imeshuka chini ya hapo, una njia mbili: fungua tundu kidogo au pandisha ISO. Mimi hupandisha ISO kwanza. Chembechembe zinapunguzika kwenye programu, mtikisiko unabaki.

Kwenye jua kali tatizo hugeuka. Wapiga picha wa filamu walikuwa na kanuni: jua likiwa wazi, weka f/16 na shata iwe moja gawanya kwa ISO, kwa mfano 1/100 kwa ISO 100. Kanuni hiyo bado inafanya kazi. Sasa piga hesabu kwa f/1.8 kwenye jua hilo hilo: unahitaji shata ya karibu 1/8000, na kamera nyingi za wanaoanza huishia 1/4000. Namba itawaka na kuzima, picha itaungua, yaani itatoka nyeupe mno. Bana hadi f/2.8, mpeleke mtu kivulini, au vaa kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi.

Namba ipi kwa kazi ipi

Mtu mmoja, uso tu: f/2 hadi f/2.8 nadhani ni pazuri zaidi kuliko f/1.4. Tundu lote wazi huonekana la kifahari, lakini jicho moja likiwa kali na la pili limelegea, picha inasumbua. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu na kamera. Watu wawili: waweke kwenye mstari mmoja, f/4. Safu mbili, f/5.6, tatu, f/8, na fokasi iwe safu ya mbele au kidogo nyuma yake, kwa sababu kina huenea zaidi upande wa nyuma.

Mandhari ni f/8 au f/11. Hapa kuna ujanja mdogo: usifokasi kwenye mlima wa mbali. Lenzi ya milimita 24 kwenye fremu kamili, kwa f/8, ukifokasi kitu kilicho umbali wa mita 2.4, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho kitaonekana kikali. Kwa lenzi ya 18 kwenye kihisi cha APS-C, kilicho kidogo kuliko cha fremu kamili, fokasi mita 2, utapata kuanzia mita moja. Kutamani ukali wa kila kitu si jambo jipya. Mwaka 1932 wapiga picha kadhaa wa San Francisco, akiwemo Ansel Adams na Edward Weston, waliunda kundi na kuliita f/64, kwa jina la tundu dogo sana lililokuwa kwenye lenzi za kamera zao kubwa za kusimamisha.

Usiku, taa za barabarani kwenye f/16 hugeuka nyota. Vipande vya tundu vikiwa saba, kila taa hutoa miale kumi na minne; vikiwa vinane, hutoa minane. Namba isiyogawanyika kwa mbili huzaa maradufu, inayogawanyika hubaki ilivyo. Stendi ni lazima.

Ukiwa na lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera

Usikimbilie kununua nyingine kwa sababu ukungu haupatikani. Vuta hadi 55, acha f/5.6. Namba imepanda, ndiyo, lakini piga hesabu ya hatua ya pili: 55 gawanya kwa 5.6 ni tundu la karibu milimita 10, wakati 18 gawanya kwa 3.5 ni milimita 5 tu. Tundu halisi ni kubwa maradufu ukiwa umevuta, na ukungu wa nyuma unafuata tundu hilo halisi. Kisha msogelee mtu wako, na umwondoe kwenye ukuta. Nimeona watu wenye lenzi za gharama wakimsimamisha mtu amegusa ukuta halafu wakalaumu lenzi. Mita 5 au 6 za uwazi nyuma yake zinafanya kazi kubwa kuliko stopu moja.

Kwa simu, mambo ni tofauti. Simu nyingi zina tundu moja lisilobadilika. Samsung Galaxy S9 ya mwaka 2018 ilikuwa na mawili, f/1.5 na f/2.4, lakini simu nyingi hazina hata hayo. Ile namba ya f unayoisogeza kwa kidole baada ya kupiga ni hesabu ya programu inayopaka ukungu. Ndiyo maana nywele na miwani hukatwa vibaya pembeni.

Mipaka ya pande zote mbili

Lenzi nyingi hulegea kidogo zikifunguliwa kabisa, hasa pembeni mwa picha, na huwa kali zaidi zikibanwa stopu mbili hivi. Kwa nyingi hapo ni kati ya f/5.6 na f/8. Ukizidi kubana, mwanga ukipita kwenye kitobo kidogo hutawanyika ukingoni, na picha nzima hupoteza ukali. Kwenye APS-C utaanza kuliona baada ya f/11, kwenye fremu kamili baada ya f/16. Kwa hiyo f/22 hutoa kina kirefu zaidi na ukali mdogo zaidi kwa pamoja, jambo ambalo kila anayeanza hulikataa hadi ajaribu mwenyewe.

Jambo la mwisho utakalokutana nalo kwenye f/16 ni madoa: vidoa vya kijivu vyenye kingo laini, mahali pale pale katika kila picha, hasa angani. Hilo ni vumbi juu ya kihisi. Kwenye f/2.8 halionekani. Ukitaka kukagua kamera, hasa ya mkono wa pili, piga anga tupu kwa f/16, fokasi ikiwa imevurugwa makusudi, kisha ikuze picha uipitie kona hadi kona. Kwanza jaribu kifaa cha kupulizia hewa kwa mkono, kamera ikiwa imeelekezwa chini. Usipulize kwa mdomo, mate hutua kwenye kihisi na kuyatoa ni kazi ya fundi.